Kutambua si Kutoa: Haki za Ardhi za Wenyeji wa Jambiani mbele ya Sheria ya 1992

Na Mwandishi Wetu, Jambiani

Wananchi wanaofuatilia matangazo ya Serikali kuhusu ardhi wamezoea kusikia maneno matatu yanayofuatana: utambuzi, upimaji na usajili. Kwa vile hutajwa pamoja, wengi huyachukua kuwa ni shughuli moja yenye majina matatu, na hapo ndipo kutofahamiana kunapoanzia. Upimaji huweka mipaka kwenye ramani. Usajili huingiza jina la mtu katika daftari. Utambuzi, ambao ndio unaopaswa kutangulia, ni kazi ya kuuliza na kusikiliza: nani alikuwa hapa, amekuwa hapa kwa njia gani, na nani mwengine ana haki juu ya sehemu hiyo hiyo. Katika kijiji kama Jambiani, kilichopo pwani ya kusini mashariki ya Unguja kati ya Paje na Makunduchi, jibu la masuala hayo halipatikani kwa kutazama nyumba zilizosimama tu.

Makala hii inachambua namna sheria za Zanzibar zinavyozitambua haki za asili za wenyeji juu ya ardhi, wapi zinazitambua vyema, na wapi bado pana pengo ambalo mwananchi na mtendaji wa Serikali wanapaswa kulijua kabla ya mashine ya kupimia haijafika kijijini. Suala hili lina uzito wake. Tangu Zanzibar ilipofungua milango ya uwekezaji kwa sheria ya mwaka 1986, ufukwe wa Jambiani umekuwa ardhi inayotafutwa na wengi, na kiwanja kilichokuwa kikisokotewa kamba jana kinaweza leo kutiwa saini mbele ya wakili, na miongoni mwa wenye haki nacho akakosekana mmoja, au wakakosekana wote.

Tuanze na ardhi yenyewe. Anayekwenda Jambiani kutoka Mjini huvuka kwanza ukanda wa udongo mzito wa kati na magharibi ya kisiwa, ulikostawi mikarafuu na minazi ya mashamba makubwa, kisha huingia katika nchi ya mawe. Maweni, kama yanavyoitwa na wenyewe, ni ardhi ya jiwe la matumbawe ambalo udongo wake umejificha kwenye mifuko na nyufa. Mkulima wa huko hafyeki ekari nzima akatifua matuta. Hufyeka kichaka, huchoma, hupanda mtama, kunde, mbaazi au muhogo katika vishimo baina ya mawe, na hujenga ukuta wa mawe makavu kuzuia nguruwe. Baada ya mavuno machache sehemu hiyo huachwa ipumzike kwa miaka mingi, hadi kichaka kirudi na rutuba irudi nayo. Kando ya bahari kuna mchanga, minazi na nyumba. Mbele ya nyumba kuna ufukwe, na mbele ya ufukwe kuna bwawa la kina kifupi ambalo maji yanapokupwa huachia uwanda mpana hadi karibu na mwamba. Huko ndiko kinamama wanakolima mwani, zao lililoanza kibiashara katika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiko kulikokuwa na mashimo ya kuzikia makumbi ya nazi kabla ya kusokotwa kamba.

Kwa hiyo mwenyeji mmoja ana ardhi ya namna nne: kiwanja cha nyumba na minazi, shamba la maweni linalolimwa, shamba la maweni lililolazwa, na sehemu za wote, yaani msitu, visima, mapango, njia na pwani. Kila namna ina mila yake. Haya hayakugunduliwa leo. Ofisa wa Serikali ya himaya, R. H. W. Pakenham, aliandika juu ya taratibu za ardhi za Wahadimu wa Chwaka katika kitabu kilichotolewa mwaka 1947, na mwanaanthropolojia John Middleton alitoa mwaka 1961 utafiti wake kuhusu ardhi ya Zanzibar nzima. Wote wawili walikuta utaratibu uliokamilika: kiambo chenye wenyewe, ambao ni kizazi cha waanzilishi, wazee wenye kauli juu ya nani alime wapi, mgeni aliyeruhusiwa kulima mazao ya msimu lakini akakatazwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti unaoishi zaidi ya aliyeupanda huleta madai baada yake, na haki ya ukoo inayobaki juu ya shamba hata pale ambapo hakuna aliyelishika jembe kwa miaka kadhaa.

Jambo la mwisho hilo ndilo mzizi wa mjadala huu. Kwa mila ya pwani ya mashariki, kuacha shamba si kulitelekeza. Kulilaza ni sehemu ya kulilima. Lakini mtu anayepita barabarani, au anayetazama picha iliyopigwa kutoka angani, haoni shamba lililolazwa, anaona pori. Na neno pori, linapoandikwa katika fomu rasmi, hubeba maana nzito kuliko linapotamkwa na mkulima. Kwa mkulima ni hali ya shamba kwa wakati huo. Kwa mwandikaji asiyeuliza huweza kuwa ni ushahidi kwamba hapana mwenyewe.

Ni vyema tukakumbuka hapa kwamba dunia imewahi kujenga sheria nzima juu ya kosa la aina hiyo. Waingereza walipofika Australia mwaka 1788 waliichukulia nchi ile kuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe, ingawa ilikuwa na watu walioishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Dhana hiyo iliendelea kutumika kwa zaidi ya karne mbili. Iliangushwa tarehe 3 Juni, 1992, pale Mahkama Kuu ya Australia ilipotoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1982 na Eddie Koiki Mabo na wenzake wanne wa kisiwa cha Mer, katika mlango wa bahari wa Torres. Watu wa Mer ni wavuvi na wakulima wa bustani. Mipaka ya bustani zao iko wazi kwao na hurithishwa kwa kauli. Wakati kesi ikiendelea, Jimbo la Queensland lilipitisha sheria mwaka 1985 kufuta haki hizo kabla hazijathibitishwa, na mwaka 1988 Mahkama ikaitangaza sheria hiyo kuwa batili kwa kuwa inakwenda kinyume na sheria ya kuzuia ubaguzi. Majaji sita kati ya saba walikubali kwamba haki ya wenyeji ilikuwapo kabla ya dola, haikutokana na dola, na iliendelea kuwapo isipokuwa pale ilipofutwa kwa njia halali. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwezi Januari mwaka huo huo. Mwaka 1993 Bunge la Australia likapitisha sheria ya kuweka utaratibu wa madai ya aina hiyo.

Msomaji wa Zanzibar ana sababu ya pekee ya kuukumbuka mwaka 1992, kwa kuwa ndio mwaka Baraza la Wawakilishi lilipopitisha Sheria ya Ardhi Nam. 12 ambayo mpaka leo ni msingi wa haki za ardhi visiwani. Safari ya sheria hizo mbili, hata hivyo, haikuwa moja, na ni kosa kuzifananisha bila ya kuitazama historia.

Nchini Australia dola ilichukua ardhi kutoka kwa wenyeji. Zanzibar, dola iliyozaliwa na Mapinduzi ya Januari 1964 ilichukua ardhi kwa ajili ya wanyonge waliokuwa hawana. Tarehe 8 Machi, 1964 Rais wa Kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali, na katika miaka iliyofuata familia za wakulima zikagaiwa eka tatu tatu kutoka katika mashamba makubwa. Kwa maelfu ya Wazanzibari ule ndio uliokuwa mwanzo wa kuwa na pahala pa kupanda mche wao wenyewe. Kauli ya kwamba ardhi ni mali ya umma, basi, katika masikio ya Mzanzibari ni kauli ya ukombozi, na si busara kuitafsiri kwa mizani ya Queensland.

Hata hivyo, eka tatu ziligaiwa zaidi katika ukanda wa udongo mzito, yalikokuwa mashamba makubwa. Maweni ya Jambiani, Bwejuu, Makunduchi na Mtende hayakuwa na bwana shamba wa kunyang'anywa. Yalikuwa mikononi mwa wenyewe tangu kabla ya enzi ya Masultani, wakati Wahadimu walipokuwa chini ya Mwinyi Mkuu wa Dunga, ambaye wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Kuanzia karne ya kumi na tisa, kadiri mashamba ya mikarafuu yalivyopanuka upande wa magharibi, ndivyo maweni yalivyozidi kuwa ndiyo hifadhi ya wenyeji waliobanwa. Mapinduzi hayakuwapa watu wa Jambiani ardhi hiyo, wala hayakuwanyang'anya. Yaliwaacha nayo. Hali hiyo ya kuachwa bila hati wala notisi ndiyo inayohitaji kutafsiriwa vizuri katika lugha ya sheria.

Sheria Nam. 12 ya 1992 inasema nini? Inaeleza kuwa ardhi yote ya asili katika visiwa vya Zanzibar, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma iliyowekwa chini ya mamlaka ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hamiliki udongo. Anamiliki haki ya matumizi ya ardhi, pamoja na miti na majengo yake. Wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Kinachofuata ndicho muhimu zaidi kwa mtu wa Jambiani, kwani sheria inataja njia kadhaa za kuipata haki hiyo. Moja ni kupewa na Waziri. Nyengine ni urithi, ununuzi na zawadi. Na nyengine, iliyosimama peke yake na sawa na hizo, ni kutambuliwa kwa haki iliyokwishakuwapo, kwa mujibu wa Sheria ya Utambuzi wa Ardhi Nam. 8 ya 1989.

Kutambua si kutoa. Anayetoa anaweza kunyima, na anaweza kuweka masharti. Anayetambua anathibitisha kilichopo, na akikikuta kipo hana hiari ya kukikana. Kwa usomaji huu wa sheria, mtu wa Jambiani asiye na hati si mvamizi anayesubiri huruma. Ni mwenye haki ambayo haijaandikwa. Tofauti hiyo ina matokeo ya moja kwa moja, hasa inapofika kwenye fidia.

Juu ya fidia tuna mwongozo wa karibu zaidi kuliko ule wa Australia. Mwaka huo huo wa 1992 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha sheria, iliyohusu Tanzania Bara, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, bila ya fidia kwa ardhi yenyewe. Wakulima wawili wa Mbulu, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, ambao Mahkama ilikuwa imewarejeshea shamba lao, wakaenda kupinga. Desemba 1994 Mahkama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hawezi kuondolewa katika mali hiyo bila ya fidia ya haki. Mahkama ilikwenda mbali zaidi. Ilisema kuwa hata pale ambapo hakuna jengo wala mti wa kuhesabiwa, mradi mtu ametia jasho lake katika ardhi hiyo na kuiongezea thamani, anastahiki fidia.

Sheria za ardhi za Bara hazitumiki Zanzibar, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Hata ile hati ya haki miliki ya kimila inayotolewa na vijiji vya Bara chini ya Sheria Nam. 5 ya 1999 haina mwenzake hapa kwetu. Lakini Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 17, nayo inalinda mali ya mtu isichukuliwe kinyume na sheria, na hoja ya Mahkama ya Rufani haikujengwa juu ya mila ya Mbulu peke yake. Shamba la maweni lililolazwa ni mfano hasa wa ardhi isiyo na mnazi wa kuhesabiwa lakini iliyotiwa jasho: mawe yameondolewa moja moja na kupangwa ukuta, vizazi vimefyeka na kulaza kwa zamu. Anayethamini shamba kwa kuhesabu miti tu hulipa fidia ya miti. Jasho la ukuta hulipita bila ya kuliona.

Kuhesabu miti kuna historia yake, na si ya kudharauliwa. Visiwani, mti na ardhi vimekuwa vitu viwili tangu zamani: mtu aweza kuwa na minazi kumi katika kiwanja cha mwenzake, akaiweka rahani, akairithisha, na asidai hata shubiri ya udongo. Sheria ya 1992 imeheshimu jambo hilo. Tatizo huja pale ambapo miti imekuwa ndiyo ushahidi pekee unaoaminiwa. Hapo mwenye minazi ya pwani anakuwa na sauti, na mwenye mbaazi za maweni anakosa. Zaidi ya hayo, mtu mjanja akijua kipimo ni mti, hupanda miche usiku wa kuamkia uthamini. Maofisa wa ardhi wanayajua hayo kuliko mwandishi.

Linakuja suala la ukoo. Daftari la ardhi linapenda jina moja, au majina machache yanayoeleweka. Shamba la kiambo lina warithi ambao wengine wapo Jambiani, wengine Mjini, wengine Dar es Salaam au Maskati, na wengine ni wanawake walioolewa kijiji chengine, ambao ndugu zao wa kiume huwataja mwisho, au hawawataji kabisa. Utambuzi ukifanywa kwa haraka, jina linaloandikwa ni la aliyekuwapo siku hiyo. Mara nyingi ni mwanamme, na mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi na mnunuzi. Migogoro mingi inayoitwa ya mwekezaji na wanakijiji huwa, ikichunguzwa, ni migogoro ya ndugu na ndugu: mmoja ameuza na kumi hawakuulizwa. Mwekezaji anajitokeza na karatasi yenye saini halali ya mtu asiyekuwa na haki ya kuuza peke yake.

Sheria imeweka vizuizi. Uhaulishaji wa ardhi, pamoja na ukodishaji wa muda mrefu, unapaswa kupitia Bodi ya Uhaulishaji iliyoundwa chini ya sheria ya 1994, ambayo kazi yake ni pamoja na kuangalia kama muuzaji atabaki na pa kuishi na kama bei ina uhalisia. Mahkama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Nam. 7 ya mwaka huo huo, ipo kwa ajili ya migogoro. Asiye Mzanzibari hapati haki ya matumizi ya ardhi ya kudumu. Hukodishwa kwa muda. Vizuizi hivyo ni vizuri, ila vyote vinategemea kumbukumbu iliyoandikwa mwanzoni. Bodi haiwezi kumuuliza mrithi ambaye jina lake halimo. Kwa maneno mengine, ulinzi wa dada aliyeolewa Kizimkazi haumo katika Bodi wala Mahkamani. Umo katika fomu ya utambuzi, siku anapofika ofisa na kuuliza ni nani wenye shamba hili. Fungu lake katika mirathi limekwishawekwa na sharia ya dini, na Mahkama ya Kadhi ikiombwa hulithibitisha. Mwandishi anaona kwamba lingekuwa jambo la busara kwa hati ya mgawanyo wa mirathi, au angalau orodha ya warithi iliyothibitishwa, kuwa sharti la kawaida kabla ya shamba la ukoo kuandikwa kwa jina lolote.

Sheha naye anahitaji kutajwa, kwa kuwa jina lake huonekana kila mahali. Sheha ni shahidi na ni mlango wa Serikali katika shehia. Hana mamlaka ya kugawa ardhi, wala saini yake haigeuzi mauzo batili yakawa halali. Anayenunua kiwanja kwa kutegemea barua ya sheha peke yake amenunua ushahidi, hajanunua haki.

Tukitoka mashambani tukashuka pwani, mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa ndipo wenyeji wa Jambiani wana cha kupoteza kuliko pengine popote. Uwanda unaoachwa na maji ya kupwa hauna hati na hauwezi kuwa nayo. Ni eneo la umma. Lakini anayeufikiria kuwa ni mtupu na afike bamvua asubuhi akaone vigingi. Kila mlimaji anajua safu zake, na mwenzake anazijua pia. Zamani, mashimo ya makumbi kando ya maji yalikuwa na wenyewe kwa utaratibu huo huo. Haki hizo zinaishi kwa kujulikana, na zinategemea kitu kidogo ambacho hakuna ramani inayokionesha: njia ya kupita kutoka mitaani hadi majini. Hoteli ikijengwa bila ya kuacha njia, shamba la mwani halijachukuliwa na mtu, ila mwenyewe hawezi tena kulifikia akiwa na gunia kichwani.

Je, haki ya aina hiyo inaweza kuingia katika sheria? Australia imelijibu suala hilo kwa kiasi. Mwaka 2008 Mahkama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya ghuba ya Blue Mud, iliamua kuwa ardhi iliyokabidhiwa kwa Wayolngu wa kaskazini chini ya sheria ya 1976 inafika mpaka maji ya kupwa, na kwamba leseni ya Serikali ya kuvua haimruhusu mtu kuingia katika maji yaliyofunika ardhi hiyo bila ya ridhaa yao. Uamuzi huo ulitokana na sheria mahususi ya eneo hilo na hauwezi kuhamishiwa Unguja. Unachoonesha ni kwamba mstari wa maji makuu, uliozoeleka kama mpaka wa ardhi na bahari, umewekwa na wanadamu, na wanadamu wanaweza kuusogeza wakiona haki inadai hivyo.

Kwa upande wetu, mfano mzuri zaidi tunao tayari, na haukutoka kwa watu wa ardhi. Umetoka kwa watu wa misitu. Sheria ya Misitu Nam. 10 ya 1996 imeruhusu jamii kuingia makubaliano na Serikali ya kusimamia msitu wa kijiji: mipaka inawekwa, kanuni zinaandikwa na wenyewe, kamati inachaguliwa, na shehia kadhaa za Unguja na Pemba zimekwishatia saini. Makubaliano hayo hayampi mtu hati. Lakini yanakitambua kijiji, kama kijiji, kuwa ni mwenye kauli juu ya eneo. Hakuna sababu ya msingi kwa nini visima, njia za pwani, uwanda wa mwani na mapango visiingizwe katika kumbukumbu za utambuzi kwa njia inayofanana, vikiandikwa kuwa ni maeneo ya matumizi ya pamoja ya wakaazi wa shehia, ili anayekuja kuomba kiwanja ayaone kabla ya kuchora.

Mapango hayatajwi hapa kwa kupamba habari. Pango la Kuumbi, lililo karibu na Jambiani, limefukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Felix Chami, na baadaye timu ya kimataifa mwaka 2012. Yaliyopatikana yanaonesha kuwa watu waliwahi kulitumia wakati Unguja ilipokuwa bado imeungana na bara, kabla bahari haijapanda, na wakawinda wanyama wakubwa ambao hivi leo hawapo kisiwani. Si kwamba watu wa leo wa Jambiani ni kizazi cha moja kwa moja cha wale. Hakuna anayeweza kudai hivyo kwa uhakika, na haki yao haihitaji madai hayo. Inatosha kuwa wamelitunza pango, maji yake na heshima yake.

Katika ukanda wetu Mahkama zimeanza kulipa uzito jambo la namna hii. Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za jamii ya Waogiek ilipowaondoa katika msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na ardhi yao ya asili itambuliwe. Waogiek ni jamii ndogo iliyotengwa, na Wahadimu hawako katika hali hiyo; wao ni wananchi kamili wa nchi yao, wana wawakilishi wao Barazani, na Serikali wanayoilalamikia ndiyo waliyoipigia kura. Hilo linapunguza haja ya kwenda Arusha. Halipunguzi haja ya kuandikwa.

Nyenzo za kuandika zipo kuliko wakati wowote. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa mashirikiano na Benki ya Dunia, walipiga picha za visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, picha zenye uwezo wa kuonesha kuta za mawe za mashamba ya maweni pale vichaka visipozifunika. Picha hizo zikiwekwa mezani mbele ya wazee wa kila mtaa, pamoja na kinamama wa mwani na vijana walio tayari kutembea mipakani, zinaweza kufanya kwa wiki chache kazi ambayo Pakenham aliifanya kwa miaka. Zikitumiwa ofisini peke yake, zitaonesha mapaa na minazi, na baina yake rangi ya kijani.

Kwa mwananchi, yapo ya kufanya kabla ya tangazo. Warithi wa shamba la ukoo wakutane, waandike majina yote, wanawake na walioko nje wakiwamo, na wamteue anayewawakilisha kwa maandishi. Kuta za mawe zisafishwe zionekane. Anayelima kwa ruhusa ya mwengine na anayemruhusu waweke ruhusa hiyo bayana mbele ya mashahidi, ili wema wa baba usije ukawa kesi ya watoto. Tangazo likishabandikwa, kuna muda maalumu wa kudai na muda wa kupinga kumbukumbu zilizoandikwa. Muda huo ukipita, kulirejesha jina lililosahauliwa ni kazi ya Mahkama, yenye gharama na miaka.

Kwa watendaji, lipo moja ambalo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Ratiba ya utambuzi katika vijiji vya pwani ya mashariki ipangwe kwa kuangalia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, nusu ya wenye haki wa Jambiani huwa wako nje kwenye mwani, na mkutano ulioitwa saa nne asubuhi utajazwa na waliobaki.